Vidonge vya Mtalii

"Dawa ya kinga bado anameza?" muuguzi aliuliza, macho kwenye kompyuta.

"Anameza," mama akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Vitufe vikagongwa, tak tak tak, na uongo ukaingia kwenye kompyuta ya hospitali, ukakaa zake raha mustarehe kati ya uzito wa mtoto na namba ya simu ya baba.

Mtoto alikuwa mapajani kwa baba yake, kavikwa koti juu ya koti, kichwa kimelala upande. Ana miaka tisa na miguu mirefu ya kuchekesha, lakini asubuhi hiyo baba alimbeba kutoka kituo cha basi kama furushi la nguo. Homa siku ya tatu. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Kwanza meno yanagongana, halafu moto, halafu jasho mpaka shuka linakamulika.

"Na wewe bibie," muuguzi akamgeukia mtoto, "unaimeza kweli au unaitupa nyuma ya kochi? Nawajua nyinyi."

Mtoto akafungua jicho moja. Akamtazama mama yake kwanza. "Naimeza," akasema. "Tena tamu."

Muuguzi akacheka. "Wa kwanza huyu! Wenzako wote wanaikunjia uso, wewe unaona tamu. Hongera, mama."

Ile "tamu" ikapita chumbani taratibu, juu ya meza, juu ya kipima joto, ikatoka mlangoni. Mama aliifuata kwa macho, akingoja mtu aikamate. Hakuna aliyeikamata.

Hebu tuseme ukweli hapa hapa, maana yeye leo hatausema. Dawa haikuwepo. Haikuwepo tangu siku mama na mtoto walipopanda ndege kurudi kutoka kwa bibi, siku kumi na saba zilizopita. Kilichomezwa kila asubuhi saa moja kasorobo, kwa glasi ya maji, mbele ya baba, ilikuwa pipi. Pipi nyeupe ya kifua, ya duara, imevunjwa nusu ili ifanane.

Daktari alikuwa kijana mwenye viatu vya michezo na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Akapima, akasikiliza kifua, akauliza safari ilikuwa ya wiki ngapi.

"Wiki tatu," baba akajibu, maana maswali ya namna hiyo aliyapenda. "Lakini walikwenda wamejiandaa, daktari. Chanjo zote wamechoma. Chandarua nimenunua mwenyewe. Dawa kila siku, na wiki nne baada ya kurudi, kama mlivyosema." Akatoa mfukoni kadi ya njano ya chanjo, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya meza. Ilikuwa na miraba, na kila mraba mpaka wa leo una alama ya tiki, kwa kalamu ya bluu, imenyooka.

Daktari akaitazama ile karatasi kwa muda. "Wasafiri wote wangekuwa kama nyinyi, mimi ningelala," akasema. "Kwa kinga hii, malaria naiweka chini kabisa kwenye orodha. Mafua yamejaa mji mzima. Mpeni maji mengi, mpeni hii ya kushusha homa. Isiposhuka, kesho mrudi. Kuna jingine?"

Akamtazama mama.

"Hakuna," mama akasema.

*

Mama huyu alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mashuka mia mbili kwa zamu, foronya sijui ngapi. Miaka tisa ya kazi hiyo ilikuwa imemkausha viganja hata hahisi tena joto la kawaida. Kikombe cha chai kinachomfanya mumewe aseme "aisee!" yeye hukishika kama kishikio cha mlango. Ndiyo maana homa za mtoto alizipima kwa midomo, kwenye paji la uso. Jioni hiyo aliweka midomo, akaiondoa. Hakuhitaji kipima joto. Ugonjwa huu alikuwa ameugua kila mwaka wa utoto wake. Anaujua unavyokuja, unavyopumzika, unavyorudi. Aliketi ukingoni mwa kitanda akiujua.

Baba ni dereva wa lori la taka. Dawa zile zilinunuliwa kwa Jumamosi zake sita. Kliniki ya wasafiri haina mzaha kwenye bei, na yeye alipotoka huko na boksi alikuwa kama mtu aliyenunua kiwanja. Usiku wa kuamkia safari alimkabidhi mke wake: "Hii siyo ya kusahau kwenye pochi, mama. Hii ndiyo safari yenyewe."

Na huko walikokwenda, kwa bibi, haikusahaulika. Tatizo ni kwamba ilionekana mno.

Siku ya pili tu mtoto alipewa jina. Aliomba maji ya chupa ya kusukutulia meno, na dada mkubwa wa mama, ambaye kwa utani hana breki, akapiga kelele uani: "Jamani, mpisheni mtalii! Mtalii ameamka! Mtalii kashameza?" Chandarua kilipofungwa juu ya kitanda, dada akakishika ncha, akajifunika nacho kichwani, akatembea chumba kizima kwa maringo. "Bibi harusi ndiye nani humu ndani?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mtoto naye alicheka, akalipenda jina. Bibi peke yake hakucheka. Aliuliza mara moja tu, taratibu, kama mtu anayeuliza bei: "Kwani mwanangu, hapa kwetu mnapaogopa hivyo?"

Usiku wa nne mama alilala nje ya chandarua. Vidonge vyake mwenyewe aliviacha. Vya mtoto aliendelea kumpa, chooni, mlango umefungwa.

Kisha ikafika siku ya kurudi. Sanduku la mgeni halifungwi mpaka dada alikague. Alikaa kitandani, akalifungua mapajani, akaanza. Taulo: "Hili unarudi nalo la nini?" Viatu vya mtoto: "Hivi vimeshambana, usinibishie." Sabuni, mafuta, kandambili. Mgeni anayerudi na sanduku zito anaonekana mchoyo, na mama hakutaka kuonekana hivyo baada ya miaka tisa. Mwishoni likatoka boksi la dawa.

"Na hivi? Huko kuna mbu?"

"Hakuna, ila walisema ukirudi uendelee wiki nne..."

"Umeze dawa ya mbu mahali pasipo na mbu!" Dada alisimama ili wote wamsikie. "Wamewaroga wenzetu! Sisi hapa mbu wanatunyonya kama wamelipia, hatuna hata kidonge. Yeye anarudi na boksi zima huko kwenye barafu!"

Wote wakacheka, na mama akacheka. Kulikuwa na maelezo, na aliyajua, maana kliniki walimchorea picha: vijidudu vinajificha kwenye ini, havionekani, vinatoka baadaye, na dawa lazima iwepo mlangoni ikivingoja. Lakini kuieleza picha ile mbele ya watu wote wa uani, na bibi amekaa palepale, ilikuwa sawa na kuvaa kofia ya mtalii yeye mwenyewe. Isitoshe yeye alikulia humo, na yu hai.

"Chukua," akasema.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, baba alikuwa amesimama jikoni na glasi ya maji na kalamu ya bluu. "Dawa," akasema kwa furaha. Karatasi ya miraba ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Mama akaingiza mkono kwenye pochi. Hakuwa amepanga lolote. Vidole vilikutana na pipi za uwanja wa ndege, vikavunja moja nusu, vikamwekea mtoto mdomoni. Mtoto alipotoa macho kwa ule utamu, mama akamkonyeza. Wakawa na siri. Baba akaweka tiki.

*

Asubuhi iliyofuata ile ya hospitali, homa haikuwa imeshuka. Mtoto alikuwa akiongea na ukuta, anauhesabia vitu. Hata hivyo saa moja kasorobo baba alikuja na glasi, maana utaratibu ni utaratibu, na siku za ugonjwa ndizo za kutosahau.

"Mpe kwanza dawa yake, halafu tuondoke."

Mama akampa. Mtoto akaimeza, kisha akainama pembeni ya kitanda na kutapika maji, na katikati ya maji kitu cheupe, kidogo, bado kizima.

"Ameitapika," baba akasema. "Mpe nyingine."

Mama akasimama pale. Mtu angedhani anawaza, lakini kichwani mwake hamkuwa na kitu, kulikuwa kama chumba kilichohamwa.

"Mama, mpe nyingine, tutachelewa."

Akampa nyingine.

Hospitalini watu walikuwa wamejaa mpaka ngazini, wote wanakohoa. Kompyuta ilikumbuka kila kitu: mafua, anatumia kinga, hakuna haraka. Wakapewa namba thelathini na mbili, na ubao ulikuwa unaonyesha kumi na moja. Mtoto alilazwa kwenye viti viwili vya plastiki vilivyounganishwa. Baba akaenda kutafuta chai na kumpigia simu msimamizi wake kwamba leo tena hatafika.

Simu ya mama ikatetemeka. Ni dada.

"Mdogo wangu! Mtalii wetu hajambo?"

"Ana homa."

"Homa ya huko baridi hiyo, mkande kifua. Sikiliza, swali moja la haraka, salio lenyewe la kuokoteza. Vile vidonge vya Mtalii vinamezwaje? Mama mwenye nyumba wangu kashikwa na malaria, wamempima kabisa. Nikasema nijipendekeze kidogo. Nimempa vitatu jana, vitatu leo, bado anatetemeka kama mashine ya kusaga. Dawa zenu za huko ni feki au vipi?"

"Dada, usimpe tena."

"Nishampa, nakwambia."

"Hizo siyo za kutibu. Ni za kinga."

"Kwani dawa ya malaria siyo dawa ya malaria?"

"Siyo." Mama alisikia sauti yake ikitoka safi, bila kukwama, kama ya yule mama wa kliniki aliyemchorea picha. "Hizo unameza kabla hujaugua. Kidogo kidogo, kila siku. Na ukirudi unaendelea wiki nne, kwa sababu vile vijidudu vinajificha kwenye ini, vinatoka baadaye. Ukiacha mapema vinatoka na hakuna wa kuvizuia. Mtu akishaugua zinampotezea muda tu. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje jioni. Na usiwafiche, dada. Waambie kameza nini na kameza ngapi. Ukiwaficha watatibu kitu kingine."

 Upande wa pili kuku walisikika uani.

"Unaendelea wiki nne ukirudi?" dada akauliza. Hapakuwa na utani wowote sautini.

"Ndiyo."

"Na Mtalii anameza nini?"

Mama akamtazama mtoto kwenye viti vya plastiki. Dada hakurudia swali. Simu ikakatika, labda salio, labda siyo.

Ubao ukaonyesha kumi na mbili.

Mama aliinuka. Alipita mbele ya watu ishirini, na mmoja akamwambia "shangazi, foleni hiyo," akampita na huyo. Nyuma ya pazia la kijani daktari wa viatu vya michezo alikuwa amemwinamia mzee mmoja anayevua soksi. Mama akavuta pazia.

"Hamezi," akasema.

"Samahani, mama, subiri kidogo..."

"Mwanangu hamezi dawa. Tangu turudi, siku kumi na nane. Dawa niliziacha kule. Nilikuwa nampa pipi."

Mzee akaacha soksi nusu ya mguu. Daktari akanyooka.

"Pipi," akarudia.

"Pipi. Na hii ni malaria. Naijua."

Daktari hakumlaumu. Hakuwa na nafasi ya hilo. Aliita jina la muuguzi, akaita damu, akaita kitanda, na alikuwa ameshampita mama mlangoni kabla hajamaliza kuita. Mama alipogeuka kumfuata, akamkuta mumewe amesimama hatua mbili nyuma yake na vikombe viwili vya chai vya karatasi. Alikuwa hapo kwa muda gani, hatujui. Chai haikuwa imemwagika.

*

Ilikuwa malaria, na ni ile inayopanda kichwani. Wakaambiwa hivyo baada ya nusu saa, kwenye korido, na daktari mwingine, mwanamke mtu mzima, aliyetumia maneno mafupi. Dawa inapita kwenye mshipa. Saa ishirini na nne zijazo ndizo za kuangaliwa. Laiti ingeanza jana ingekuwa rahisi zaidi. Hilo la jana alilisema akiwa anaandika, bila kumtazama mtu.

Walikaa benchi moja, koti la mtoto katikati yao. Mbele yao kulikuwa na rafu ya mashuka. Mama aliona kwamba yamepigwa pasi ovyo, mikunjo haijalingana, na akashangaa kwamba analiona hilo. Alikuwa anangoja kulia. Halikuja chozi. Aliweka viganja juu ya magoti, vikakaa pale kama vya mtu mwingine.

"Pipi gani?" baba akauliza.

"Zile nyeupe. Za kifua."

"Mimi nilikuwa naweka tiki."

"Ndiyo."

"Unaniona naweka."

"Nakuona."

"Leo asubuhi ametapika. Nikakwambia mpe nyingine."

"Uliniambia."

"Ukampa."

"Nikampa."

Baba alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia na anahakikisha ameshika kona zote. "Kwa nini hukuniambia siku ile ya kwanza? Ningezirudia zile Jumamosi. Si ningezirudia tu?"

"Ungezirudia."

"Basi?"

Mama alitafuta. Alitaka ampe sababu yenye uzito unaolingana na mlango ule uliofungwa mbele yao, na alichokipata ni kicheko cha watu uani, na mama yake akiuliza mnapaogopa hivyo. Akakipima. Kilikuwa chepesi mno.

"Walimwita mtalii," akasema.

Baba akamtazama kuona kama kuna la kuendelea.  Akachukua koti la mtoto, akalihamishia upande wake mwingine, na kati yao pakabaki benchi tupu.

*

Siku mbili mtoto hakumjua mtu. Ya tatu homa ilivunjika kabisa, akaomba chips, akaambiwa bado, akanuna, na muuguzi mmoja akatoka nje akisema kwa sauti, "Amenuna! Huyo amepona." Baba aliposikia aliegemea ukuta akajifunika uso kwa kofia yake ya kazi. Mama alikuwa anakunja shuka. Alilikunja pembe kwa pembe mpaka likawa dogo kama kitabu.

Dada aliandika ujumbe: "Mama mwenye nyumba kalazwa, anaendelea vizuri. Mtalii je? Nisamehe mdogo wangu." Mama aliusoma akiwa kwenye foleni ya choo. Akajibu: "Amepona." Akaongeza neno, akalifuta, akatuma lile moja.

Nyumbani alikuwa anakwenda kuoga na kurudi. Karatasi ya kwenye friji ilikuwa imeondolewa. Mumewe hakumpigia kelele hata siku moja. Alimuuliza kama amekula. Alimwambia basi la saa ngapi limechelewa. Alizungumza naye kama anavyozungumza na majirani wa ghorofa ya chini, watu wema, ambao huwaazimi funguo.

Siku ya sita wakaruhusiwa. Mama alimvalisha mtoto soksi, suruali, fulana mbili. Muuguzi wa wodi akaja na mfuko wa karatasi na faili.

"Amebakiza dawa za siku tatu," akasema. "Asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Asiruke hata moja, jamani, hapa ndipo watu wanapoharibu."

Mama ndiye aliyekuwa karibu. Akanyoosha mkono.

Muuguzi aliuona mkono. Akaangalia faili, akapitisha mfuko juu ya kile kiganja kilichofunguliwa, akampa baba. "Imeandikwa hapa utasimamia wewe, baba. Sahihi yako chini." Kisha akamtabasamia mama, tabasamu zuri tu, la kikazi, lisilo na kisirani chochote.

Baba akaweka sahihi. Mkono wa mama ulikaa hewani kidogo, halafu ukapata kazi kwenye zipu ya koti la mtoto. Ilikuwa imekwama kwenye kitambaa. Akaanza kuinasua.

Mtoto alikuwa anauangalia ule mfuko. Akainama, akamnong'oneza mama yake sikioni ili baba asisikie, na pumzi yake sasa ilikuwa ya uvuguvugu wa kawaida.

"Mama, hizi ni za kweli?"

Zipu ikaachia. Mama akaipandisha mpaka shingoni.

"Muulize baba," akasema.